Kunyonyesha na mzio wa chakula kwa mtoto mchanga: mwongozo wa hatua kwa hatua

Mtoto ana wiki chache. Mashavu yamechubuka, jioni halali, na leo choo chake kimetoka na michirizi ya damu. Kabla hata hajafikishwa kwa daktari, mama ameshaambiwa aache maziwa, kisha mayai, kisha samaki na karanga, na mwisho wa yote aache kunyonyesha kwa kuwa maziwa yake "yamemkataa" mtoto. Naandika mwongozo huu kwa sababu ya ushauri huo. Unamwacha mama na njaa, unamnyima mtoto chakula bora kuliko vyote, na mara nyingi haumponyi chochote.

Msimamo wangu ni huu: ziwa liendelee. Kinachoondolewa kwenye sahani ya mama kiondolewe kwa sababu inayoeleweka na kwa muda wenye mwisho. Na vile vyakula vinavyoogopwa, mtoto avionje kwa wakati wake badala ya kuepushwa navyo.

Hatua ya 1: Jua maziwa yako yanafanya nini, na nini hayafanyi

Mzio wa chakula hutokea pale kinga ya mwili inapoiona protini ya chakula cha kawaida kuwa adui na kuishambulia. Maziwa ya mama yana vitu vingi vinavyoituliza kinga hiyo. Yana kingamwili aina ya IgA zinazotanda kwenye kuta za utumbo, na yana sukari za pekee ambazo mtoto mwenyewe hawezi kuzisaga, bali hulisha bakteria wema wa tumboni, hasa bifidobakteria. Tena, mama akila yai au karanga, chembe ndogo mno za protini yake, zinazopimwa kwa nanogramu, huweza kuonekana kwenye maziwa yake saa chache baadaye. Watoto walio wengi hupokea chembe hizo bila shida yoyote.

Je, kunyonyesha huzuia mzio? Hapa mama anastahili kuambiwa ukweli bila kupakwa sukari. Mwaka 2019 Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani kilipitia upya ushahidi uliopo. Kilikuta kwamba kunyonyesha maziwa ya mama pekee katika miezi 3 hadi 4 ya mwanzo hupunguza pumu ya ngozi (ukurutu, yaani ngozi kavu inayowasha na kuchubuka) kwa miaka miwili ya kwanza, lakini hakuna msingi wa kutosha wa kusema kwamba kunyonyesha kwa muda wowote ule huzuia mzio wa chakula fulani. Shirika la Afya Duniani linashauri maziwa ya mama pekee kwa miezi 6, kisha kuendelea kunyonyesha pamoja na vyakula vingine hadi miaka miwili au zaidi, na sababu kubwa ni kinga dhidi ya kuharisha, nimonia na maambukizi mengine.

Kwa hiyo mama uliyenyonyesha kwa bidii na bado mtoto akapata mzio, hukukosea kitu. Na mama aliyeshindwa kunyonyesha, mzio wa mwanawe si adhabu yake.

Hatua ya 2: Ukiwa mjamzito na ukinyonyesha, kula

Kula mayai, samaki, maziwa, karanga, ngano, soya, ufuta. Kama wewe mwenyewe huna mzio navyo, hakuna ushahidi kwamba kujinyima wakati wa mimba au wa kunyonyesha kunamkinga mtoto na mzio. Kujinyima kuna hasara zake, na hasara hizo zinaonekana haraka: uzito wa mama unashuka, madini ya chokaa yanapungua, na furaha ya kunyonyesha inageuka kuwa mateso.

Jambo linalohitaji uangalifu zaidi ni siku za mwanzo baada ya kujifungua. Mjini Odense, Denmark, watafiti walifuatilia watoto 1,749 waliozaliwa mwaka 1985. Watoto 39 walipata mzio wa maziwa ya ng'ombe, na 9 kati yao waliupata wakiwa bado wananyonya tu. Rekodi zilipofukuliwa, ilionekana wote 9 walikuwa wamepewa maziwa ya kopo kidogo katika siku tatu za kwanza, mengi yakitolewa na wauguzi bila mama kujua. Utafiti mmoja haumalizi ubishi. Hata hivyo, miongozo ya Ulaya ya mwaka 2020 inashauri kuepuka kumwongezea mtoto maziwa ya kawaida ya kopo katika wiki ya kwanza ya maisha pale inapowezekana. Basi sema mapema, kabla ya kujifungua, kwamba unataka kusaidiwa kunyonyesha, na kwamba chupa isitolewe bila wewe kuulizwa. Ikiwa mtoto ana sukari ndogo mwilini au anapungua uzito kupita kiasi na maziwa hayajashuka, apewe anachohitaji. Uhai kwanza.

Hatua ya 3: Itunze ngozi yake

Wazazi wengi hutazama tumbo, kumbe mlango mkubwa wa mzio ni ngozi. Mtoto mwenye pumu ya ngozi ana ngozi yenye nyufa zisizoonekana kwa macho. Vumbi la karanga au mabaki ya yai kwenye mikono ya anayembeba hupenya humo, na kinga inayokutana na protini kwa kupitia ngozi iliyovimba huelekea kuipinga. Protini ileile ikiingia kwa mdomo na kufika tumboni, kinga huelekea kuizoea. Maelezo haya yalitolewa na profesa Gideon Lack wa London, na ndiyo yaliyogeuza fikra za madaktari kuhusu mzio wa watoto.

Kwa vitendo: nawa mikono baada ya kula na kabla ya kumpaka mtoto mafuta. Tumia mafuta mazito yasiyo na manukato, na uachane na yale yaliyotengenezwa kwa karanga, ufuta, lozi au maziwa, hata kama kibandiko kinasema ni ya asili. Ngozi ikiwa nyekundu na inavuja, mwone daktari na utumie dawa ya kupaka atakayoandika, kwa kiasi alichosema. Hofu ya krimu za steroidi, yaani dawa za kupaka zinazotuliza uvimbe wa ngozi, huwaacha watoto wengi na ngozi wazi kwa miezi. Kumpaka mafuta kila siku mtoto mwenye ngozi nzima hakujathibitika kuzuia mzio, hivyo nguvu zako zielekeze kwa yule mwenye pumu ya ngozi.

Hatua ya 4: Isome dalili kabla ya kuipa jina

Anza na saa. Muda kati ya chakula na dalili ndio unaokueleza zaidi kuliko dalili yenyewe.

Dalili zinazokuja ndani ya dakika chache hadi saa mbili baada ya mtoto kula chakula ni za mzio wa haraka: vipele vilivyovimba na kuwasha kama alivyoumwa na mbu mwili mzima, midomo au macho kuvimba, kutapika ghafla, kukohoa, kupumua kwa mlio kama filimbi. Aina hii kwa kawaida hutokea mtoto anapokula chakula chenyewe. Kupitia maziwa ya mama hutokea kwa nadra sana.

Aina ya polepole ndiyo inayowagusa zaidi watoto wanaonyonya tu. Sura yake maarufu ni damu kidogo na kamasi kwenye choo cha mtoto ambaye vinginevyo ana afya, ananyonya, anacheka, anaongezeka uzito. Huanza mara nyingi kati ya wiki ya 2 na ya 8, na protini ya maziwa ya ng'ombe anayokunywa mama ndiyo inayoshukiwa mara nyingi zaidi. Inatisha kuiona, lakini si hatari, na watoto wengi huwa wamepona kabla ya kutimiza mwaka. Hata hivyo damu ipelekwe kwa daktari mara ya kwanza inapoonekana, kwa kuwa mpasuko wa njia ya haja, maambukizi, au utumbo kujikunja navyo huleta damu. Mtoto mwenye damu chooni pamoja na homa, tumbo gumu, matapishi ya kijani au ulegevu apelekwe hospitali saa hiyohiyo.

Kuna na aina ya tatu, ambayo hata baadhi ya wahudumu huikosea wakidhani ni maambukizi. Mtoto anakula chakula kipya, yuko sawa, kisha baada ya saa 1 hadi 4 anatapika mfululizo, anapauka, analegea kama kitambaa. Hana vipele. Mpeleke hospitali, ambako ataongezewa maji, na wewe ukumbuke kutaja kila alichokula siku hiyo.

Sasa vile ambavyo si mzio. Mtoto kulia jioni katika miezi mitatu ya kwanza, kucheua baada ya kunyonya, gesi, choo cha kijani, kukaa siku kadhaa bila choo akiwa ananyonya tu: hayo kila moja peke yake ni sehemu ya utoto. Na wasiwasi kuhusu laktosi usikufanye uache maziwa. Laktosi ni sukari, mwili wako huitengeneza ndani ya titi bila kujali ulichokula, na mzio hupigana na protini, si sukari.

Jambo la dharura lisilosubiri hatua nyingine

Mtoto akipumua kwa shida, sauti ikikwaruza, ulimi ukivimba, akipauka na kulegea, au akiwa na vipele pamoja na kutapika mara kwa mara mara tu baada ya kula, huo ni mzio mkali unaoweza kuua. Dawa yake ni sindano ya adrenalini kwenye msuli wa paja, upande wa nje. Kama mliwahi kupewa sindano hiyo, ichome kwanza, kisha ita msaada. Kama hamna, mkimbize hospitali, mshike akiwa amelala, usimsimamishe. Dawa za kunywa za mzio hutuliza mwasho tu. Hazifungui koo wala hazipandishi shinikizo la damu, kwa hiyo usizisubiri zifanye kazi.

Hatua ya 5: Ukishuku maziwa yako, fanya jaribio lenye mwanzo na mwisho

Hapa ndipo akina mama wengi hupotezwa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kubaliana na daktari kwanza. Kisha ondoa chakula kimoja. Kwa damu kwenye choo, chakula hicho karibu kila mara ni maziwa ya ng'ombe na vyote vitokanavyo nayo: mtindi, jibini, siagi, samli, maziwa ya unga, na bidhaa ambazo kibandiko chake kimeandikwa kaseini au protini ya maziwa. Usihamie kwenye maziwa ya mbuzi, maana protini zake zinafanana mno na za ng'ombe, na watoto wengi wenye mzio wa moja huwa na mzio wa nyingine.

Andika kwenye daftari tarehe, ulichokula, choo kilivyokuwa, ngozi ilivyokuwa, usingizi. Kumbukumbu ya mtu asiyelala huteleza, na bila maandishi utaishia kulaumu chochote ulichokula jana. Damu mara nyingi hupungua ndani ya siku chache hadi wiki mbili. Ngozi huchelewa zaidi. Jaribio liendelee wiki 2 hadi 4, si zaidi.

Wakati wote huo endelea kunyonyesha. Hakuna haja ya kumwaga maziwa yako wala "kupumzisha" titi. Jazia pengo kwenye chakula chako: mama anayenyonyesha anahitaji takriban miligramu 1,000 za kalisi (madini ya chokaa) kwa siku, na bila maziwa ya ng'ombe ni vigumu kuzifikia usipotia nia. Samaki wadogo wanaoliwa na mifupa yao, mboga za majani na ufuta husaidia, na mara nyingi utahitaji vidonge vya kalisi na vitamini D. Muulize mtaalamu wa lishe.

Wiki nne zikipita bila mabadiliko, maziwa hayakuwa mkosaji. Yarudishe siku hiyo. Usiongeze mayai kwenye orodha ya marufuku, kisha ngano, kisha soya, ukiacha maziwa nayo humohumo. Nimeona orodha kama hizo zikifikia mama anakula vitu vitatu tu, naye mtoto hajabadilika hata kidogo.

Mtoto akipata nafuu, bado kuna sehemu ya pili, ambayo wengi huiruka kwa hofu: kurudisha. Kunywa maziwa tena kama kawaida na utazame kwa wiki moja. Dalili zikirejea, umethibitisha, na sasa unaacha kwa sababu unayoijua. Zisiporejea, mtoto alipona mwenyewe kama wapoavyo wengi, na huna unachokikimbia. Kurudisha huku nyumbani ni kwa dalili za polepole na nyepesi tu. Kama mtoto alivimba, alipata vipele vya haraka au alilegea, jaribio lolote lifanyike mbele ya daktari.

Kuna sababu nyingine ya kutoongeza muda bila sababu. Mtoto mwenye pumu ya ngozi ambaye mwili wake ulikuwa ukikipokea chakula fulani bila tatizo, akinyimwa kwa miezi mingi, anaweza kupoteza uvumilivu wake na siku ya kurudishiwa akapata mzio wa haraka ambao hakuwa nao.

Kuhusu vipimo: kipimo cha ngozi na cha damu cha IgE (kingamwili zinazoleta mzio wa haraka) vinasaidia kwenye mzio wa haraka tu, na huhitaji kusomwa pamoja na historia ya mtoto. Kwa damu kwenye choo havitakuambia kitu. Vipimo vya IgG, aina nyingine ya kingamwili, vinavyouzwa kama "orodha ya vyakula visivyokufaa" usivitolee pesa. IgG huonyesha kwamba mtu amewahi kula chakula hicho, basi.

Hatua ya 6: Mwonjeshe vyakula vya mzio mapema, ziwa likiendelea

Mwaka 2000 wataalamu wa Marekani waliwashauri wazazi wa watoto walio hatarini wachelewe: mayai hadi miaka 2, karanga na samaki hadi 3. Ushauri huo uliondolewa mwaka 2008 kwa kukosa ushahidi. Mwaka huohuo watafiti walilinganisha watoto wa Kiyahudi wa Uingereza na wa Israeli, ambako watoto hutafuna vitafunio vya karanga tangu utotoni. Mzio wa karanga ulikuwa asilimia 1.85 Uingereza na asilimia 0.17 Israeli.

Ndipo ukafanyika utafiti uliotangazwa mwaka 2015, chini ya Gideon Lack. Watoto 640 wa miezi 4 hadi 11, wenye pumu kali ya ngozi au mzio wa yai, waligawanywa: nusu wale karanga mara kwa mara, nusu wasile kabisa hadi miaka mitano. Kati ya wale ambao kipimo cha ngozi mwanzoni hakikuonyesha kitu, waliokatazwa karanga walipata mzio kwa asilimia 13.7, na waliokula kwa asilimia 1.9. Utafiti mwingine wa Uingereza uliofuata mwaka 2016 uliwaonjesha vyakula sita vya mzio watoto waliokuwa wakinyonya tu tangu miezi mitatu, na haukukatiza kunyonya kwao. Sisemi nawe uanze mwezi wa tatu. Ninachokiona humo ni kwamba ziwa na kijiko vinaweza kukaa pamoja.

Mtoto asiye na pumu kali ya ngozi aanze karibu na miezi 6, anapokaa kwa kuegemezwa, kichwa kimetulia, na ulimi hausukumi tena kijiko nje. Mwenye pumu kali ya ngozi au ambaye tayari ana mzio wa yai apelekwe kwa daktari mapema. Huyo anaweza kuhitaji kupimwa kwanza, na miongozo ya baadhi ya nchi humruhusu aanze karanga kuanzia miezi 4 hadi 6. Kabla ya miezi 4, hakuna chakula kingine.

Chagua siku ambayo mtoto hana mafua wala homa, na asubuhi, ili mchana mzima uwe macho. Chakula kipya kiwe kimoja. Mpe ncha ya kijiko, subiri kama dakika 10 hadi 15, kisha mpe kilichobaki polepole na umtazame kwa saa mbili. Usimpake chakula kwenye ngozi "kujaribu", kwani huko ndiko kuifungulia kinga ule mlango mbaya. Wekundu kidogo pembeni ya mdomo baada ya nyanya au tunda chachu ni mchubuko tu.

Yai liive kabisa. Karanga ziwe zimesagwa laini na kulainishwa kwa maji ya moto yaliyopoa au maziwa yako. Karanga nzima humpalia mtoto, zisimkaribie hadi apite miaka mitano. Maziwa ya ng'ombe yanaweza kuwa ndani ya chakula au kama mtindi, lakini yasiwe kinywaji chake kabla ya mwaka mmoja. Asali isubiri mwaka pia, kwa hatari ya botulizimu, sumu ya bakteria inayolegeza misuli.

Chakula alichokubali kibaki kwenye ratiba. Kuonja mara moja kisha kuacha miezi miwili hakujengi uvumilivu. Katika ule utafiti wa karanga, watoto walikula takriban gramu 6 za protini ya karanga kwa wiki, zikigawanywa mara tatu au zaidi, yaani kama vijiko viwili vya chai vya karanga zilizosagwa kila mara. Yai nalo lirudi kila wiki, hata kwa kiasi kidogo.

Hatua ya 7: Mzio ukithibitika

Endelea kunyonyesha. Kama mtoto hupata dalili anapokula mwenyewe tu, na hajawahi kuzipata kupitia maziwa yako, huna sababu ya kukiacha chakula hicho wewe. Akihitaji maziwa ya kopo, yale ya kawaida hayamfai mwenye mzio wa maziwa ya ng'ombe. Kuna aina ambayo protini yake imevunjwavunjwa sana, na nyingine ya asidi amino tupu, yaani vipande vidogo kabisa vinavyounda protini, kwa wenye mzio mkali. Daktari ndiye achague. Maji ya nafaka au vinywaji vya mimea visichukue nafasi ya maziwa katika mwaka wa kwanza, kwani watoto wamepata utapiamlo kwa njia hiyo.

Mpime uzito kila mwezi na uchore kwenye kadi yake ya kliniki. Waambie wote wanaomlea, kwa maandishi, chakula gani hapewi na nini kifanyike akikila kwa bahati mbaya.

Na omba tarehe ya kurudi kupimwa upya, kila baada ya miezi 6 hadi 12. Watoto wengi wenye mzio wa maziwa na wa yai hupona wanapokua, na wengi huanza kwa kuvumilia maziwa au yai lililookwa ndani ya keki au biskuti kabla ya kuvumilia lisilookwa. Mzio wa karanga ni mgumu zaidi, hupona kwa takriban mtoto 1 kati ya 5. Usipopewa tarehe hiyo, iulize wewe, maana mtoto asiyepimwa tena huweza kunyimwa kwa miaka chakula ambacho mwili wake ulishakikubali.